Gobore

Gobore (wingi: magobore) ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Baruti, kizibo na risasi huingizwa kwa mbele, kisha husukumwa hadi chini kwa fimbo iitwayo mdeki. Baada ya kila mlio mpigaji hulazimika kushindilia upya. Kwa sababu hiyo gobore ni bunduki ya mlio mmoja.

Nchini Tanzania jina hili hutumika kwa silaha za aina mbili: bunduki kuukuu zilizotengenezwa viwandani Ulaya na kuletwa na wafanyabiashara katika karne ya 19, na bunduki zinazotengenezwa au kukarabatiwa na mafundi wa vijijini. Aina ya pili ndiyo inayopatikana zaidi leo. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, hasa wilaya za Kasulu, Kibondo na Kakonko, gobore limejulikana kwa vizazi vingi kama silaha ya uwindaji na ulinzi wa mashamba. Kulitengeneza, kulimiliki au kulikarabati bila leseni ni kosa la jinai.

Jina

Katika Kiswahili cha zamani bunduki hizi zilitofautishwa kwa namna zinavyowaka. Bunduki ya gumegume ni ile inayowashwa kwa cheche za jiwe gumu. Bunduki ya fataki ni ile inayowashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye kemikali inayolipuka kikigongwa. Neno gobore linajumlisha zote mbili. Nchini Burundi bunduki za kienyeji huitwa mugobore, jambo linaloonyesha jinsi neno hili na kitu chenyewe vilivyozoeleka pande zote mbili za mpaka.

Sehemu za gobore

Gobore lina sehemu kuu tatu: mtutu, kitako na mtambo.

Mtutu ni bomba la chuma lililozibwa upande wa nyuma. Kwa kawaida ndani yake ni laini, bila mifereji ya kuizungusha risasi kama ilivyo katika bunduki za raifo. Kwa hiyo risasi ya gobore hupoteza mwelekeo upesi, na mpigaji hulazimika kumsogelea mnyama.

Kitako ni sehemu ya mti inayoshikilia mtutu na kuegemezwa begani.

Mtambo ndio kiini cha bunduki. Una nyundo, springi inayoisukuma nyundo, kishikizo kinachoizuia nyundo isianguke, na kifyatulio kinachovutwa kwa kidole. Katika bunduki ya gumegume nyundo hubana kipande cha jiwe ambacho hukwaruza chuma na kutoa cheche juu ya baruti iliyowekwa kwenye kisahani kidogo. Mtambo wa aina hii ulienea Ulaya tangu karne ya 17. Mfumo wa fataki ulitokana na uvumbuzi wa Alexander Forsyth, mchungaji wa Kiskoti aliyepata hataza yake mwaka 1807. Faida yake ilikuwa kubwa hasa wakati wa mvua, kwa kuwa baruti haikubaki wazi tena.

Namna mtambo unavyofanya kazi

Mpigaji anapovuta nyundo kwa nyuma, springi hukazwa na kishikizo huingia kwenye pengo lililochongwa katika kipande kinachozunguka pamoja na nyundo. Mitambo iliyotengenezwa vizuri ina mapengo mawili. La kwanza ni la nusu: nyundo inakuwa imeachana na fataki lakini haiwezi kuanguka hata kifyatulio kikivutwa. La pili ni la kupigia. Pengo la nusu ni refu na limechongwa kwa namna ya kukifunga kishikizo, ilhali pengo la kupigia ni fupi ili kishikizo kiweze kutoka kwa nguvu ndogo ya kidole.

Mwendo wa kifyatulio una hatua tatu. Hatua ya kwanza ni mwendo wa awali, ambapo kidole kinaondoa ulegevu uliopo. Hatua ya pili ni kuachia, pale kishikizo kinapotoka kwenye pengo na nyundo kuanguka. Hatua ya tatu ni mwendo wa ziada: kifyatulio huendelea kurudi nyuma ingawa kazi yake imekwisha. Katika hatua hiyo kidole kilichokuwa kinasukuma kitu kizito hukosa ghafla cha kukizuia, na bunduki hutikisika.

Katika bunduki yoyote mtikisiko huo hupunguza shabaha, lakini katika gobore madhara yake ni makubwa zaidi. Kati ya nyundo kuanguka na risasi kutoka mdomoni kuna muda unaoweza kuhisiwa na mpigaji, hasa katika bunduki ya gumegume, kwa kuwa moto lazima upite kwenye tundu dogo kuifikia baruti iliyo ndani ya mtutu. Muda wote huo mtutu unapaswa kutulia.

Historia

Bunduki zilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya bahari, zikaingia bara kwa misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Njia kuu ilitoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wameshafungua njia hiyo.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 majeshi ya Ulaya yaliacha bunduki za kushindilia kwa mbele na kuchukua zile zinazopakiwa kwa nyuma. Bunduki kuukuu zilizobaki ziliuzwa kwa bei ndogo, na nyingi zikaishia Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 za aina zote zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka.

Silaha hizo zilibadilisha siasa za bara. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola lake kwa kutumia vijana wa kivita walioitwa rugaruga, ambao wengi walibeba magobore. Kuanzia mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora juu ya njia ya kwenda Ujiji. Aliyekuwa na baruti aliweza kudai hongo, na aliyeikosa alilazimika kutafuta ulinzi kwa mwingine.

Mwaka 1890 mkutano wa mataifa uliofanyika Brussels ulipitisha mkataba uliozuia kuingiza bunduki katika eneo la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Mkataba uliacha mlango mmoja wazi: bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Hivyo bunduki za kisasa zilibaki mikononi mwa serikali za kikoloni na Wazungu, na Mwafrika akabakiziwa gobore. Katika vita vya Majimaji vya 1905-1907 wapiganaji wachache wenye magobore walikabili bunduki za rashasha za Wajerumani.

Chini ya utawala wa Waingereza huko Tanganyika hali hiyo haikubadilika sana. Mwananchi aliyepata kibali cha bunduki mara nyingi alipata kibali cha gobore.

Gobore katika nyanda za juu za Kigoma

Wenyeji wa nyanda za juu za Kigoma ni Waha. Nchi yao, Ubuha, iligawanyika katika falme kadhaa, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo na Buyungu katika eneo la Kakonko. Kasanda, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Kibondo, sasa ni kata ya wilaya ya Kakonko iliyoanzishwa mwaka 2012.

Watawala wa Ubuha walijulikana kwa misafara kabla ya ukoloni. Henry Morton Stanley alipopita huko mwaka 1871, akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, alitozwa hongo mara kadhaa hadi akaamua kutoroka na msafara wake usiku.

Waha pia walikuwa na ufundi wa chuma. Wahunzi walifua majembe, visu, mishale na mikuki. Bunduki za misafara zilipoanza kuharibika, watu wenye moto na nyundo ndio walioombwa kuzirekebisha. Kutoka kukarabati springi iliyovunjika hadi kutengeneza mtambo mzima haikuwa safari ndefu.

Sababu za gobore kudumu katika eneo hili ni tatu. Ya kwanza ni kilimo. Mashamba ya mahindi, maharage na mihogo yanapakana na misitu ya miombo, na nguruwe pori, nyani na ngedere wanaweza kumaliza kazi ya msimu mzima. Ya pili ni wanyamapori. Upande wa mashariki kuna Pori la Akiba la Moyowosi na ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini Tanzania. Huko gobore limekuwa chombo cha majangili wa nyama. Ya tatu ni ukaribu wa mpaka. Wakimbizi walivuka kutoka Burundi mwaka 1972, tena mwaka 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na tena mwaka 2015. Wengine walitoka Kongo kuanzia mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Vita vya nchi jirani viliacha silaha za kivita zikizagaa, na kwa miaka mingi mabasi ya njia ya Kasulu, Kibondo na Kakonko yalisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi.

Inafaa kutofautisha mambo mawili. Ujambazi wa barabarani ulitegemea zaidi bunduki za kivita, ambazo Tanzania huitwa SMG. Gobore, linalohitaji kushindiliwa baada ya kila mlio, halifai sana kwa kazi hiyo. Hata hivyo limetumika katika uvamizi wa nyumba na katika ugomvi wa mashamba na wa kifamilia, na mtu aliyepigwa kwa karibu huumia vibaya sana.

Marekebisho ya nyumbani

Bunduki za viwandani hupimwa kabla ya kuuzwa. Mtutu hujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na sehemu za mtambo huchongwa kwa chuma kilichokazwa ili zisilike upesi. Gobore la kienyeji halipiti kipimo chochote. Mtutu wake huenda ulikuwa bomba la kazi nyingine, na mtambo wake mara nyingi hauna pengo la nusu. Hakuna hali ya kati: nyundo ama imelala juu ya fataki, ama iko tayari kupiga.

Hata bunduki iliyotengenezwa vizuri huharibika ikiguswa na mtu asiyejua. Marekebisho yanayowavutia wamiliki wengi ni yale ya kifyatulio, kwa kuwa kifyatulio kizito humchosha mpigaji na kinaonekana rahisi kukifikia. Matatu yanajulikana zaidi.

La kwanza ni kupiga tupa kishikizo ili kifyatulio kiwe chepesi. Mshiko ukipungua kupita kiasi, nyundo inaweza kuanguka yenyewe bunduki ikitikiswa, ikigongwa ukutani au ikidondoka. Chuma kilichokazwa kina ngozi ngumu tu kwa nje. Tupa ikishaiondoa, sehemu laini ya ndani hulika haraka. Bunduki iliyoonekana salama wiki ya kwanza inaweza kuwa hatari mwezi unaofuata.

La pili ni kubadilisha springi kwa nyingine dhaifu. Nyundo hugonga kwa nguvu ndogo, fataki isiwake au iwake kwa kuchelewa. Bunduki iliyokataa kulia huwa na hatari ya pekee, kwa sababu moto unaweza kuwa unatambaa polepole ndani.

La tatu ni kizuizi cha mwendo wa ziada. Katika bastola na bunduki za mashindano ya shabaha, kiwanda au fundi mwenye leseni huweka skrubu ndogo au kigingi kinachokisimamisha kifyatulio mara tu nyundo inapoachiwa. Lengo ni kuondoa ule mtikisiko wa hatua ya tatu. Wazo lenyewe ni zuri, lakini nafasi ya kosa ni ndogo sana. Kizuizi kikikisimamisha kifyatulio mapema mno, kishikizo hakitoki kikamilifu. Nyundo inapoanguka, ncha ya kishikizo hukwaruza kipande cha nyundo au hugonga pengo la nusu. Matokeo yanaweza kuwa bunduki isiyolia, au pengo la usalama kuvunjika bila mwenyewe kujua. Skrubu isiyofungwa imara hulegea kwa mshtuko wa milio, na kipimo kilichokuwa sahihi jana kinakuwa kimebadilika leo.

Mafundi bunduki wa zamani wa Ulaya walilitambua tatizo hili. Katika mitambo yenye vifyatulio vyepesi waliongeza kipande kidogo kinachokivusha kishikizo juu ya pengo la nusu wakati nyundo inaanguka. Kwao, kulainisha kifyatulio na kulinda pengo la usalama ilikuwa kazi moja isiyogawanyika. Anayechukua sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili anaondoa kinga iliyowekwa na mtengenezaji.

Faida inayotafutwa pia ni ndogo kwa gobore. Mtutu laini na risasi isiyoutosha vizuri hupoteza shabaha kwa kiasi ambacho hakiwezi kurudishwa na kifyatulio, hata kikiwa kizuri namna gani.

Ajali

Ajali za gobore zina sura zinazofanana. Mtutu hupasuka kwa sababu baruti imezidi, kwa sababu bunduki imeshindiliwa mara mbili kwa kusahau, au kwa sababu imetiwa baruti ya risasi za kisasa, ambayo shinikizo lake ni kubwa kuliko la baruti nyeusi. Anayeumia kwanza ni mpigaji mwenyewe, kwenye mkono wa kushoto, uso na macho. Baruti inayohifadhiwa karibu na jiko hushika moto. Bunduki iliyotundikwa ukutani ikiwa imeshindiliwa hulia inaposhikwa na mtoto, kwa kuwa gobore haliwezi kutolewa risasi kwa urahisi kama bunduki ya kisasa, na wengi huliacha hivyo hivyo likingoja safari nyingine ya porini.

Kwa majeruhi aliye kijijini umbali wa hospitali huongeza hatari. Familia nyingine huchelewa kumpeleka kwa kuogopa maswali ya polisi, na damu inazidi kupotea. Tiba ya jeraha inapaswa kutangulia, na shinikizo la kitambaa safi juu ya kidonda kinachotoka damu ni msaada ambao mtu yeyote anaweza kuutoa wakati usafiri unatafutwa.

Sheria

Nchini Tanzania silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mtu haruhusiwi kumiliki, kutengeneza wala kukarabati bunduki bila leseni. Maombi ya leseni ya kumiliki huanzia ngazi ya kijiji au mtaa na kupitia kamati za ulinzi na usalama pamoja na Jeshi la Polisi. Kupatikana na silaha isiyo na leseni huweza kushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, ambalo adhabu yake ni nzito. Mkulima aliyerithi gobore la babu yake anahusika na sheria hii sawasawa na jangili.

Kimataifa, Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha ndogo ya mwaka 2001 inasema kwamba silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haiwezi kuhesabiwa kuwa ya kale. Kwa hiyo gobore lililofuliwa miaka ya karibuni si kitu cha makumbusho, hata kama muundo wake ni wa karne ya 18. Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa saini tarehe 21 Aprili 2004 na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, inazitaka nchi wanachama kuziwekea bunduki alama na kudhibiti utengenezaji wake. Utekelezaji wake unaratibiwa na kituo cha RECSA chenye makao Nairobi. Bunduki ya kienyeji haina namba, hivyo ni vigumu kufuatilia ilikotoka.

Serikali ya Tanzania imetoa mara kadhaa vipindi vya msamaha ambapo mwenye silaha isiyo halali huisalimisha bila kushtakiwa kwa kuimiliki, kwa mfano Septemba na Oktoba 2022. Silaha hupokelewa katika vituo vya polisi na ofisi za serikali za mitaa, na magobore ni sehemu kubwa ya zinazorejeshwa. Mwenye leseni ambaye bunduki yake ina hitilafu hutakiwa kuipeleka kwa fundi aliyeidhinishwa. Kituo cha polisi ndicho mahali pa kuulizia.

Tazama pia

Bunduki
Baruti
Mirambo
Rugaruga
Waha
Mkoa wa Kigoma